Sare Niliyowashonea Kenya na Uganda

Kabla sijawaambia lolote la maana, vijana wangu, niwaondolee uwongo mmoja. Mtawasikia mafundi wazee wa hapa Satwa, Dubai, wakisema hawajawahi kurudishiwa nguo. Mtu akiwaambia hivyo, jueni kwamba ama hajashona sana, ama wateja wake wamehama nchi. Mimi nimerudishiwa. Nimewahi kumkatia bwana harusi koti lenye mikono miwili ya kushoto kwa sababu nilisahau kugeuza karatasi ya kukatia, na bwana harusi akaligundua jambo hilo akiwa ameshajipaka manukato. Nimewahi kuishonea timu ya madereva namba sita kichwa chini, wakacheza msimu mzima na namba tisa wawili. Nikawaambia ni mbinu mpya kutoka Ulaya, nao wakanishukuru.

Lakini kosa ninalotaka kuwasimulia ni jingine, na halichekeshi lote. Karibu limfukuzishe mtu kazi, na mtu huyo hakuwa mimi.

Kwanza niwape kidogo cha kazi, msije mkasema mzee amekaa kupiga soga tu. Nilitoka Unguja nikiwa kijana, nikijua kushona kwa namna ile ya mtu anayejua kupika kwa sababu amewahi kula. Aliyenifundisha ni Master Karim, mkata vitambaa kutoka Karachi. Hapa Dubai mkata vitambaa huitwa Master hata kama hana cheti cha kitu chochote isipokuwa ukali. Master Karim alinichapa vidole kwa tepu ya kupimia kwa miezi minane, na kila kipigo kilikuwa na somo lake. Alinifundisha usimpime mwanamume anayejua kwamba anapimwa, maana akiona tepu atavuta tumbo ndani. Muulize habari za mwanawe wa mwisho. Akianza kusimulia, tumbo litarudi mahali pake, na hapo ndipo uzungushe tepu.

Kuhusu jezi, mengine niliyapata kwa kuharibu. Kitambaa chepesi cha polista kinataka sindano ya ncha butu, la sivyo sindano itatoboa nyuzi na baada ya mechi mbili mshono utaonekana kama umeliwa na mende. Mvutiko wa kitambaa uupeleke kwenye upana wa kifua, si kwenye urefu, kama hutaki jezi ifike magotini kipindi cha pili. Na nyekundu iogopeni. Nyekundu ni rangi isiyo na adabu, ikilowa tu inahamia kwa jirani. Zamani namba tulizikata kwa mkasi moja moja, tukazizungushia mshono wa kona kona. Ikaja mashine ya kugandisha kwa joto. Leo jezi nzima inachapwa kama gazeti, na wapo miongoni mwenu mnaoitwa mafundi kwa kubonyeza kitufe. Siwaonei wivu, ingawa mgongo wangu unawaonea.

Miaka mitatu ya mwisho nilifanya kazi na Nakato, mwanamke wa Masaka, Uganda. Kabla ya kuhamia dukani kwetu alikuwa amefanya kazi za ndani kwa madam mmoja Mwarabu kwa miaka sita. Mkono wake ulikuwa mwepesi na msafi kuliko wangu, nami sikumwambia hivyo hata siku moja. Nilijipa sababu kwamba sifa humharibu fundi. Sababu ya kweli ilikuwa wivu, na sasa kwa kuwa nimestaafu naweza kuisema.

Nilipotangaza kwamba naacha kazi mwezi wa sita, arbab wetu, mwenye leseni ya duka, alianza kuhesabu kuta. Mkwewe alikuwa anataka kulifanya duka la kuuzia makava ya simu, kana kwamba Satwa ina upungufu wa makava ya simu. Duka likifungwa, ukaazi wa Nakato ungekwisha pamoja nalo. Angerudi kwao au angerudi kwenye nyumba za watu, na alishaniambia waziwazi, "Mzee, jikoni kwa madam sirudi. Afadhali nipande ndege." Nikamsemea kwa arbab. Arbab hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Mpe kazi moja kubwa aifanye yeye. Nitakuja niione mwenyewe. Ikinipendeza, duka linabaki."

Kazi kubwa ikaja yenyewe, ikiwa na miguu minne. Miguu miwili ilikuwa ya Omondi, Mkenya, mkuu wa walinzi kwenye jengo moja, na miwili ya Mukasa, Mganda, mhudumu wa hoteli huko Al Rigga. Hawa walikuwa mwenyekiti na katibu wa kamati. Waafrika Mashariki tukikutana watu watatu ugenini, wawili huwa kamati na wa tatu hudaiwa kiingilio. Kamati hii ilikuwa ya kuadhimisha mechi ya kwanza ya Kenya na Uganda, ile ya karibu miaka mia iliyopita, enzi za Mwingereza. Walitaka kuicheza upya hapa Dubai, kwa jezi za mtindo wa zamani, zenye kola na kamba shingoni.

Omondi alinisimulia historia hiyo akiwa amesimama wima kama anapandisha bendera. Nchi jirani mbili, tena makoloni, zikakutana uwanjani kugombea kombe lililotolewa na mwenye kiwanda cha sabuni. Nilidhani ananitania, kumbe ndivyo ilivyokuwa. Wazee wetu walivunjana miguu ili mtu auze sabuni. Siku hiyo ya kwanza hakupatikana mshindi. Nikauliza ikawaje baadaye. Mukasa akatazama dari. Omondi akatabasamu akasema walirudiana, Kenya ikashinda, lakini kamati imeamua kuadhimisha mechi ya kwanza tu, kwa ajili ya umoja. Kwa hiyo ile ya marudiano ilisahauliwa kwa kura.

Walikuja na picha iliyosambaa kwenye makundi yao ya simu: wanaume wamejipanga mistari miwili, mikono vifuani, wengine pekupeku. Kama ni picha ya mechi ile au ya timu ya posta ya mahali pengine, hakuna aliyejua, na niliyeuliza nilionekana msaliti. Picha yenyewe haikuwa na rangi. Jezi za mstari mmoja zilikuwa nyeusi nyeusi, za mstari wa pili nyeupe nyeupe. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Hiyo ya giza ni red," Omondi akasema. "Red ni ya Kenya. Iko kwa flag."

"Banange!" Mukasa akaruka. "Na flag yetu haina red? Muko na shida gani nyinyi watu?"

Nikawaambia kwamba wakati wa picha ile bendera zao zote mbili hazikuwa zimezaliwa, na mtu hawezi kuvaa rangi ya bendera ambayo mshonaji wake hajazaliwa. Wakaniangalia kwa huruma. Walibishana dukani saa nzima mbele ya wateja wanaosubiri suruali, kila mmoja akikodolea kile kijivu na kuona wekundu. Nakato alikuwa kwenye cherehani, anainamisha kichwa kuficha kicheko. Mwishowe nikawaonyesha kipande cha kitambaa chekundu na kipande cha manjano, nikasema waende wakaamue, wanipe jibu moja ifikapo Jumatano, maana kazi ni nyingi na siku ni chache.

Jumatano asubuhi Omondi akanitumia ujumbe wa sauti. Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu kosa lote limo humu. Omondi akizungumza na wenzake husema Kisheng chake cha Nairobi, na mechi isiyo na mshindi huiita "draw" kama Wakenya wengi. Angenisemesha hivyo, leo nisingekuwa na cha kuwasimulia. Lakini alijua anazungumza na mzee wa Unguja, akaona anitunzie heshima. Akatafuta Kiswahili cha redioni:

"Mzee wangu, shikamoo. Tumeketi jana Al Rigga, kamati yote, na tumeafikiana. Itakuwa sare, kama ilivyokuwa siku ile ya mababu. Hakuna wa juu, hakuna wa chini. Na ile nyekundu uliyotuonyesha ni sawa kabisa. Endelea na kazi. Khalas."

Nikausikiliza mara moja, nikafurahi. Sare! Nguo moja kwa wote, rangi moja, kama watoto wa shule. Nikaona kamati hatimaye imepata akili. Wameshindwa kugawana nyekundu, basi wameamua wavae wote. Nikamwambia Nakato akate zote ishirini na mbili kwenye nyekundu.

Nakato akaweka mkasi chini. "Mzee, timu mbili rangi moja? Watajuanaje?"

"Amesema sare."

"Sare gani? Piga simu, uliza."

Vijana wangu, simu ilikuwa mkononi mwangu. Ingenichukua muda mfupi kuliko kutia uzi kwenye sindano. Lakini nilimwambia mwanamke yule kwamba mimi nimezaliwa Kiswahili kilikozaliwa, na yeye katoka ambako Kiswahili kilifika kikiwa hoi, na hatanifundisha maana ya sare. Hakunijibu kwa ukali. Alisema tu, "Basi tuweke hata kola za manjano kwa kumi na moja." Nikamwambia nyekundu itachujia kwenye manjano. Ni kweli inaweza kuchuja, lakini hiyo haikuwa sababu. Tungeosha kitambaa kwanza, mambo yakaisha. Nilikataa kwa sababu wazo lilikuwa lake.

"Sawa, ssebo," akasema, akakata.

Na alikata vizuri ajabu. Kola zilikaa kama zimezaliwa na shingo. Matundu ya kamba aliyazungushia uzi kwa mkono, jezi moja baada ya nyingine.

Nilikuja kujua baadaye maafikiano yenyewe yalikuwaje. Waganda waliachia nyekundu wakachukua manjano, kwa sharti kwamba mechi imalizike bila mshindi, mtu asije akaaibika mbele ya wake na wachumba. Ya nyekundu alitakiwa kunieleza Omondi, na ya manjano alitakiwa kunieleza Mukasa. Mukasa akadhani Omondi ameshasema yote.

Siku ya mechi tulikwenda kwenye uwanja wa kukodi wa nyasi za plastiki, nyuma ya maghala, alasiri. Arbab alikuja na kiti chake na chupa yake ya kahawa, kama alivyoahidi, akakaa pembeni. Nakato alikuwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe. Omondi akafungua mfuko wa kwanza: nyekundu. Wakenya wakashangilia. Mukasa akafungua wa pili.

"Mzee," akasema polepole, "hii ni nini sasa?"

"Sare," nikasema, nikitabasamu.

"Sare, ndiyo! Lakini sare ya mpira, Mzee! Sare ya mabao!"

Neno moja, nimelitamka maisha yangu yote kwa maana zote mbili, na siku ile nililikumbuka upande mmoja tu. Nakato hakunitazama. Alikuwa anamtazama arbab.

Muda wa uwanja ulikuwa unakwenda. Mtu akashauri timu moja ivue jezi. Ushauri mzuri, lakini ipi? "Kwa nini sisi ndio tuvue?" Mukasa akauliza, na Omondi naye akauliza hivyo hivyo. Kamati ikakaa kikao cha dharura palepale, ikashindwa, na mwamuzi, dereva wa basi kutoka Sudan aliyekuwa hajui hata nusu ya wachezaji, akachoka akapuliza filimbi. Wakacheza watu ishirini na wawili wekundu.

Sijawahi kuona mpira wa namna ile. Beki wa Kenya alipora mpira kwa ustadi mkubwa kutoka kwa beki mwenzake. Mchezaji mmoja wa Uganda alikimbia na mpira uwanja mzima huku akiomba pasi kwa Wakenya, nao wakampa. Kila mtu alikuwa anapiga kelele ya jina, "Otieno! Ssali! Wewe nani?" Mwishoni mwishoni kukatokea msongamano golini, mpira ukaingia, na timu zote mbili zikashangilia. Walikumbatiana, wakarundikana, wakabusu jezi. Ilichukua muda watu kuanza kuulizana ni bao la nani. Mwamuzi alipoulizwa, akasema yeye ameona mtu mwekundu. Basi likaandikwa kwamba kila upande umepata moja, na wakatoka sare kwelikweli, kama walivyopanga.

Arbab alicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya ghutra, kile kitambaa chake cha kichwani. Nikaanza kupumua. Lakini kamati lazima ipate wa kumlaumu, la sivyo inakuwa imekutana bure. Omondi akaja mpaka kwenye kiti cha arbab, jasho linamtoka, akasema kwa Kiswahili akitaka mimi nitafsiri:

"Mwambie boss wako sisi hatuna ubaya. Shida ni huyu dada. Hawa Waganda Kiswahili hawakijui, ameelewa vibaya. Next time kazi apewe mtu anayejua lugha."

Na Mukasa, Mganda mwenzake Nakato, akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, Mzee. Sisi Kiswahili kinatusumbua."

"Shu yigul?" arbab akaniuliza. Anasema nini?

Sasa ndipo niwaambie jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu. Nilimtafsiria arbab kwa Kiarabu nusu nusu: kwamba kumetokea kutoelewana kidogo, lugha ni ngumu, na dada bado anajifunza. Maneno laini. Hakuna hata moja lililokuwa tusi, na yote yalikuwa yanamtupa Nakato nje ya duka. Nilikuwa naondoka mwezi wa sita, sikuwa na cha kupoteza isipokuwa sifa ya mzee asiyekosea Kiswahili, na kwa ajili ya sifa hiyo nilikuwa tayari kumpandisha mtu ndege.

Nilichokisahau ni ile miaka sita ya kwa madam. Nakato alikuwa anajua Kiarabu cha hapa kuliko mimi. Alisikia kila neno. Angeweza kunikatiza, na alikuwa na haki. Badala yake akakunja jezi moja ambayo mchezaji alimwachia magotini, akaipangusa vumbi kwenye kola. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata siku ya bwana harusi.

"La, arbab," nikasema. "Ana ghaltan. Nimekosea mimi." Nikamweleza upya tangu mwanzo, ujumbe, neno lenye maana mbili, simu niliyokataa kupiga, kola za manjano nilizozikataa. Nikayarudia kwa Kiswahili ili Omondi na Mukasa wasikie. Omondi akatazama viatu vyake.

Arbab akanywa kahawa yake taratibu. "Nani alisema uulize?"

"Yeye."

"Nani alikataa?"

"Mimi."

Akachukua jezi mkononi mwa Nakato, akaigeuza ndani nje. Hapo nikajua mtu yule anajua nguo, maana mshono husomwa kwa ndani. Akapitisha kidole kwenye matundu ya kamba, moja baada ya jingine. Kisha akamrudishia, akasema naye moja kwa moja kwa Kiarabu, bila kupitia kwangu. Alimwambia Jumapili alete pasipoti ofisini kwake, karatasi zake ziandikwe upya kwa jina la fundi wa duka. Nakato akasema inshallah, akageuka akalia akiwa ametupa mgongo.

Arbab akaniangalia mimi. "Wewe ulisema unaacha mwezi wa sita?"

"Ndiyo, arbab."

"Kwa nini usubiri? Yalla, kapumzike."

Ndivyo nilivyostaafu, vijana wangu, kwenye nyasi za plastiki, kwa furaha ya uchungu. Nilichukia siku mbili, siku ya tatu nikalala usingizi mzuri.

Mwezi uliopita nilihitaji kanzu ya Idi na macho yangu hayaoni tena tundu la sindano, nikaenda dukani kama mteja. Nakato alinikalisha kwenye benchi pamoja na wengine, nikangoja zamu yangu. Ilipofika akanipima huku akiniuliza habari za binti yangu wa mwisho, nami nikamweleza kirefu. Kisha akachukua daftari na kalamu.

"Shingo iweje, Mzee?"

"Ya kawaida tu."

Hakuandika. Akanitazama, kalamu imesimama juu ya karatasi, wateja wote wakigeuka kusikiliza.

"Kawaida ya nani? Ya Unguja au ya hapa?"

Nikafungua mdomo nimjibu, nikaona hata mimi sijui nilimaanisha ipi.